Maulizo Yanayorudiwa Yapima Nini?

Magazeti yapenda kutuambia kwamba imani ya taifa fulani imepunguka kwa hesabu fulani. Wahubiri wengine hushika hesabu hiyo kama neno la mwisho. Sisi tuipime kwanza.

Huko Marekani, shirika la Gallup limeuliza tangu zamani, karibu kwa maneno yaleyale: Je, katika siku saba zilizopita ulikwenda kanisani? Mwaka 1955, Wakatoliki 75 kwa mia walijibu ndiyo. Katika miaka 2014 hadi 2017, walikuwa 39 kwa mia.

Sifa ya kazi hiyo ni udumifu. Ulizo likigeuzwa, hatujui tena kama ni watu waliogeuka ao ni ulizo. Hata mzani mbovu, ukikosea sawasawa kila siku, waonyesha kama mzigo umepunguka.

Na mzani huu hukosea kweli. Mwaka 1993 wataalamu Hadaway, Marler na Chaves walilinganisha majibu na hesabu ya watu waliomo kanisani, wakaona kwamba waliofika ni karibu nusu tu ya waliosema wamefika. Watu hujibu jinsi wanavyotaka kuonekana. Lakini nani atahakikisha kwamba kosa limebaki lilelile? Kama mwaka 1955 aibu ya kukosa Misa ilikuwa kubwa kuliko leo, basi sehemu ya upungufu huo ni upungufu wa aibu. Hatufikiri kwamba aibu peke yake yatosha kueleza tofauti kubwa namna hii. Lakini hesabu zenyewe haziwezi kututenganishia mambo hayo mawili.

Tena, kila mara huulizwa watu wengine, mara nyingi 1,000 hivi, na Wakatoliki ni sehemu tu kati yao. Kwa hiyo tofauti ya 2 ao 3 kwa mia yaweza kuwa bahati tu. Hata tofauti kubwa haisemi nani aliyegeuka, maana wazee hufa na vijana hushika mahali pao. Mchungaji asiyeangalia hayo atakwenda kutafuta kondoo waliopotea, kumbe ni wana-kondoo ambao hawakuingizwa zizini hata siku moja.

Basi tusizidharau hesabu hizo, wala tusizifanye rejista ya mioyo. Katekista ahesabu waliomo katika chapeli yake, dominika kwa dominika, kwa namna ileile; kisha aende nyumbani kwa wasiofika, awaulize sababu.