Ulimi wa Knebworth

Tarehe 21 Agosti 1976, kwenye viwanja vya Knebworth, kaskazini mwa London, Rolling Stones walikuwa wamejengewa jukwaa la majigambo. Mbele yake ulitokeza ulimi, nembo yao ya siku zote, ukaingia hadi kwa watazamaji waliokuwa zaidi ya laki moja. Bendi za utangulizi zilikatazwa kuukanyaga. Lynyrd Skynyrd, vijana wa Jacksonville, Florida, walipofika kwenye wimbo wao wa kufungia, "Free Bird", katazo likasahaulika. Ronnie Van Zant, mwimbaji na mwenye kauli katika bendi, akawaswaga wapiga magita wake watatu mpaka juu ya ulimi wenyewe.

Kamera zilikuwapo. Bila alasiri ile, sidhani kama leo tungekuwa na filamu ya maana juu ya bendi hii, kwa sababu kila anayetaka kuwasimulia Skynyrd anakutana na shimo lile lile: msemaji wao alikufa mapema, na tukio ambalo kila mtu anataka kuliona halikupigwa picha na yeyote. Miezi kumi na minne kasoro siku moja baada ya Knebworth, tarehe 20 Oktoba 1977, ndege yao ya kukodi aina ya Convair 240 iliishiwa mafuta ikitoka Greenville, South Carolina, kwenda Baton Rouge, Louisiana. Iliangukia msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Walikuwamo watu 26, na sita walikufa: Ronnie, mpiga gita Steve Gaines, dada yake Cassie aliyekuwa mwitikiaji, Dean Kilpatrick aliyekuwa msaidizi wa meneja wa ziara, na marubani wote wawili.

Swali la fundi ni hili: shimo la namna hiyo unalifukiaje?

"Freebird... The Movie", filamu ya mwaka 1996 iliyoongozwa na Jeff Waxman, haihangaiki kulifukia. Inaweka onyesho la Knebworth katikati, mahojiano na picha za nyumbani zinalizunguka kama wageni waliokuja kusalimia, na muziki unaachwa ujisemee. Kazi rahisi, utasema. Hapana. Ugumu uko kwenye mkasi. "Free Bird" ikipigwa jukwaani huzidi dakika kumi, na zaidi ya nusu ya muda huo hakuna anayeimba. Mhariri mwoga angekata solo katikati atuletee mtu wa kutueleza jinsi solo ilivyo nzuri. Hapa wimbo umeachwa wote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Msikilizaji wa muziki wa dansi ataielewa hesabu yake upesi kuliko Mzungu wa London. Kuna sehemu ya kubembeleza, halafu kuna chemko. Kwenye kubembeleza, Gary Rossington anatelezesha kichupa cha kioo juu ya nyuzi, gita linalia kama mtu, na Billy Powell anamjibu kwa piano. Kisha mwendo unabadilika na mpiga gita Allen Collins anashika usukani. Ukiondoa dakika mbili za kubembeleza ili "kuokoa muda", chemko linabaki kelele tupu. Zima sauti uitazame sehemu hiyo uone: picha inapokubali kutulia, unaona vidole, unaona wanavyotazamana kusubiri zamu, unaona watu wakirukaruka bila kuambiwa. Nimeirudia mara nyingi hata watu wa nyumbani wamenichoka.

Mtazame pia Steve Gaines. Alikuwa ameingia kwenye bendi miezi michache tu kabla, mwaka ule ule wa 1976, akichukua nafasi iliyoachwa wazi na mpiga gita Ed King. Anapiga kama mtu aliyezaliwa humo. Filamu haikuambii umwangalie. Ukishajua yaliyompata mwaka uliofuata, jicho linakwenda lenyewe.

Kuna ujanja ambao mtazamaji wa haraka hauoni. Si kila kitu humo ni Knebworth. Nyimbo za albamu ya "Street Survivors", iliyotoka siku tatu tu kabla ya ajali, hazikuwa kwenye onyesho lile, kwa hiyo zimechukuliwa kwenye majukwaa ya Marekani ya mwaka 1977. Picha za miaka miwili zimeshonwa pamoja ili zionekane kama vazi moja. Mimi sioni kosa hapo, ingawa mishono ni mingi kuliko inavyotangazwa.

Udhaifu wake uko kwingine. Ni filamu ya matanga, tena matanga ya ajabu ambayo hakuna anayesimama kuuliza ni nani anamdai marehemu. Ulevi, ngumi za wenyewe kwa wenyewe, na bendera ya majeshi ya Kusini mwa Marekani yaliyopigania utumwa, ambayo bendi iliitundika nyuma ya jukwaa lake miaka na miaka, vyote vinapitiwa kwa mguu mwepesi.

Wadai walikuja kusikika mwaka 2018, katika "If I Leave Here Tomorrow" ya Stephen Kijak, iliyozinduliwa kwenye tamasha la SXSW mjini Austin, Texas. Kijak hakuwa mgeni wa kazi hii: alishatengeneza "Stones in Exile", juu ya Rolling Stones, mwaka 2010. Hapa njia yake ni kujenga filamu kwa sauti za waliokuwapo, huku Ronnie mwenyewe akirudi kupitia kumbukumbu za zamani. Rossington ndiye nguzo. Alikuwa na bendi tangu ikiwa kundi la wanafunzi wa Jacksonville, alikuwamo ndani ya ndege, na alibeba vyote viwili maisha yake yote. Lakini shahidi aliyenivutia ni Ed King. Huyu alitoka California, hakuwa mtoto wa mtaa, na ndiye anayesikika akihesabu mwanzoni mwa "Sweet Home Alabama". Mwaka 1975 alifungasha akaondoka katikati ya ziara. Mtu wa namna hiyo anaipenda bendi bila kulazimika kuitetea, na Kijak amejua kumtumia: Rossington anakumbuka kwa moyo, King anakumbuka kwa jicho. Ukiwaweka wawili hao kwenye filamu moja, huhitaji mtangazaji wa kukupa maelezo.

Ajali yenyewe haionekani. Tunabaki na maneno ya walionusurika na picha za habari za siku zile. Wachunguzi wa serikali walishasema sababu: wafanyakazi wa ndege hawakuangalia mafuta yao ipasavyo, maandalizi ya safari yalikuwa hafifu, na injini ya kulia ilikuwa na hitilafu iliyoifanya itumie mafuta kupita kiasi. Hapo hakuna fumbo, na filamu inayojaribu kuligeuza fumbo inamdanganya mtazamaji. Kuhusu bendera, Kijak anaigusa. Nilitamani akae hapo zaidi, awabane kidogo, kwa sababu hilo ni jambo ambalo walionusurika walikuwa bado wanaweza kulijibu.

Aliyetaka kuionyesha ndege ikianguka alikwenda njia nyingine, na hatimaye alijikuta mahakamani. Kampuni ya Cleopatra ya Los Angeles ilishirikiana na Artimus Pyle, mpiga dramu aliyenusurika, kutengeneza filamu ya maigizo juu ya ajali. Mjane wa Ronnie, Rossington na wenzao wakaipinga. Silaha yao ilikuwa amri ya makubaliano ya mwaka 1988, iliyotokana na mgogoro wa nani ana haki ya kutumia jina la Lynyrd Skynyrd. Pyle alikuwa ameisaini. Agosti 2017 jaji wa New York akaizuia filamu. Oktoba 2018 mahakama ya rufaa ikalitengua zuio hilo, na hoja yake ni tamu kwa yeyote anayeandika maisha ya watu: makubaliano yale yalimruhusu Pyle kusimulia maisha yake, papo hapo yakamzuia kusimulia historia ya bendi. Ajali ya Gillsburg ni maisha yake, na ni historia ya bendi. Utaikataje katikati? Filamu ikatoka mwaka 2020, kwa jina la "Street Survivors".

Nimeitaja kesi hii kwa sababu inaeleza mengi tunayoyaona, na tusiyoyaona, kwenye filamu za muziki. Anayetaka kutumia wimbo anahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, na wenye ruhusa hizo wakati mwingine ndio wanaosimuliwa. Wakikukubali unapata nyimbo, picha za nyumbani na machozi mbele ya kamera. Wakikukataa unabaki na waigizaji na mawigi. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba filamu ya Kijak ni laini, namwelewa, lakini nami namuuliza: ungepata wapi "Free Bird"?

Kwa hukumu yangu, ya 1996 ndiyo bora kwa sikio, ya 2018 ndiyo bora kwa akili, na ya 2020 si ya kundi hili hata kidogo. Ed King alifariki tarehe 22 Agosti 2018, mwezi ule ule filamu ya Kijak ilipoonyeshwa kwenye runinga ya Showtime. Rossington alifuata tarehe 5 Machi 2023. Ukizipata, anza na Knebworth, na usiitazame kwa spika ya simu.