Sikio la Mkusanyaji: Uhakiki wa Santuri za Jazi na Nyaya za Thamani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeizoea madarasani, na aghalabu tunaifafanua kwa mifano ya sokoni. Katika makala hii nakusudia kuitumia kwa jambo ambalo huenda likaonekana geni katika taarifa ya walimu wa Kiswahili, yaani mapenzi ya kukusanya santuri za jazi, na ubishi wa muda mrefu baina ya wapenzi hao juu ya nyaya za bei kubwa zinazodaiwa kuboresha sauti. Msomaji asikimbie. Ubishi huu, ingawa unahusu waya, kwa hakika ni ubishi wa uhakiki: mtu akituambia kwamba kitu ni kizuri, hana budi kutuonesha nini ili tumsadiki?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika nchi zetu neno "jazi" limejipatia maisha yake. OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956 mjini Kinshasa wakati mji huo ukiitwa Léopoldville, na Morogoro Jazz ya Tanzania aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe, zilikuwa bendi za muziki wa dansi. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, ambayo roho yake imo katika ubunifu wa papo kwa papo. Mpigaji huanza na wimbo mfupi, kisha akaujenga upya mbele ya wasikilizaji, na akesho yake haurudii vile vile. Muziki wa namna hii hauwezi kuhifadhiwa wote kwa noti za karatasini. Santuri ndiyo hati yake, kama vile kinasa sauti kilivyo hati ya fanani wa ngano zetu. Kwa hiyo anayekusanya santuri za jazi hafanyi upuuzi. Anatunza maandiko ya sanaa isiyoandikwa.

Tena mkusanyaji hodari ana elimu inayostahili heshima. Chukua mfano wa santuri za Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mzaliwa wa Ujerumani. Nyingi katika zile mashuhuri za miaka ya 1950 zilirekodiwa na Rudy Van Gelder, mtu aliyekuwa mtaalamu wa kupima macho, ambaye hadi mwaka 1959 alirekodi katika sebule ya wazazi wake mjini Hackensack, New Jersey. Usione vyaelea, vimeundwa. Mkusanyaji huigeuza santuri kwenye mwanga, akatazama ile duara tupu iliyo karibu na karatasi ya katikati, akatafuta herufi RVG za fundi huyo. Pembeni hutafuta alama ndogo ya kiwanda cha Plastylite, herufi P iliyopinda hata ikafanana na sikio, ambayo hupatikana katika santuri zilizopigwa chapa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1966. Kwa alama hizo hujua santuri ni ya toleo gani, na toleo la kwanza la baadhi yake huuzwa kwa maelfu ya dola. Bei hiyo yaweza kutushangaza, lakini madai yake yanakaguliwa: alama ipo au haipo, na yeyote mwenye macho aweza kuitazama.

Madai ya nyaya ni ya namna nyingine. Mpaka miaka ya 1970 mtu aliunganisha amplifaya na spika kwa waya wowote wa shaba, aghalabu ule wa taa. Mwishoni mwa miaka hiyo ilizuka nchini Marekani biashara ya nyaya maalumu, na tangu hapo bei imepanda mpaka waya wa mita chache ukauzwa kwa maelfu ya dola. Wauzaji husema kwamba nyaya zao huipa sauti "joto", "hewa", "uwazi" na "kimya cheusi". Wahakiki wa majarida nao huyarudia maneno hayo kwa kuyapamba zaidi.

Hebu tupime. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ukienda mita 3 hadi kwenye spika na kurudi mita 3, una ukinzani wa omu 0.04 hivi. Spika ya kawaida huhesabiwa kuwa na omu 8, yaani waya unazuia kiasi cha nusu ya asilimia moja tu. Tukiugeuza waya huo kuwa wa fedha tupu, tutapunguza ukinzani wake kwa asilimia 5 au 6, yaani sehemu ndogo ya kile ambacho tayari ni kidogo. Isitoshe, ndani ya spika yenyewe imo koili ya waya mwembamba, ambayo peke yake huwa na ukinzani wa omu 6 hivi. Ni kama mtu aliyetengeneza kwa lami hatua tatu za mwisho mbele ya mlango wake, hali barabara nzima ni ya mashimo.

Haki nayo isemwe. Si kila waya unafaa kwa kila kazi. Waya mwembamba mno ukivutwa mita nyingi hupunguza nguvu ya sauti. Waya utokao kwenye sindano ya santuri hubeba umeme mdogo sana. Usipokuwa na kinga nzuri huleta mvumo, na kwa aina nyingi za sindano, wingi wa chaji unaolimbikizwa na waya huo waweza kubadili sauti za juu. Viunganishi vyenye kutu navyo huharibu. Lakini maradhi haya yote yana dawa ya bei nafuu katika duka lolote la vifaa vya umeme. Anayekana kwamba waya waweza kuharibu sauti amekosea. Anayedai kwamba waya mzima waweza kupatiwa uzuri zaidi kwa kuongezewa bei, huyo ndiye anayedaiwa ushahidi.

Ushahidi huo umetafutwa. Mwaka 2007 James Randi, Mmarekani aliyejulikana kwa kufichua viinimacho, aliahidi dola milioni moja kwa mtu atakayeweza kutambua, bila kuona, tofauti baina ya waya wa kawaida na waya mmoja wa dola 7,250. Majadiliano yalifanyika, maneno makali yakaandikwa, na jaribio lenyewe halikufanyika.

Nami sina budi kukiri yaliyonipata, maana mhakiki asiyejihakiki hafai kusikilizwa. Miaka michache iliyopita rafiki yangu aliyerudi kutoka ng'ambo aliniazima jozi ya nyaya za aina hiyo. Nilizifunga, nikaweka santuri ya Kind of Blue ya Miles Davis, na naapa kwamba niliusikia muziki mwingine. Tarumbeta lilisogea mbele, saksafoni ya John Coltrane ikapata kifua. Rafiki yangu alikubali kuniuzia kwa nusu ya bei, na hata nusu hiyo ilinilazimu kujaza fomu ya mkopo katika ushirika wetu wa akiba. Fomu ilikuwa mfukoni siku nilipomweleza furaha yangu mwalimu mwenzangu wa fizikia. Hakubishana nami. Aliuliza tu kama ningekubali kusikiliza nyuma ya pazia.

Tulifanya mara 16. Kila mara alirusha sarafu, akafunga waya wa thamani au waya wa dukani wenye unene ule ule, nami nikaandika ni upi na kwa nini. Alikuwa amenieleza mapema kwamba mtu anayebahatisha tu aweza kupata 8, na kwamba kufikisha 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 katika mara 100. Nilipata 9. Lakini kilichoniumiza zaidi ya hesabu ni karatasi yangu mwenyewe. Katika jaribio la sita nilikuwa nimeandika: "Tarumbeta limepata hewa, huu ndio wenyewe." Waya uliokuwa umefungwa ni ule wa dukani. Nilikaa kimya kwa muda, kisha nikaichana ile fomu.

Je, sikio langu lilidanganya? La hasha. Lilisikia tarumbeta la Miles Davis, ambalo kweli lina hewa. Kosa langu ni kumpa mwenye waya sifa ya mpiga tarumbeta.

Santuri hiyo hiyo ina funzo jingine. Ilirekodiwa na kampuni ya Columbia mjini New York kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio iliyokuwa kanisa. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodia ilikwenda polepole kuliko ilivyopasa. Kwa hiyo kanda yake ilipopigwa kwa mwendo sahihi, muziki ulitoka kwa kasi na kwa sauti ya juu kidogo kupita ule uliopigwa na wanamuziki. Upande mzima wa kwanza ulichapwa na hitilafu hiyo, na haukusahihishwa mpaka miaka ya 1990, ilipotumiwa kanda ya mashine ya akiba iliyokuwa imekwenda sawasawa. Kwa zaidi ya miaka 30 watu walinunua vyombo ili wapate "ukweli" wa santuri ile, na ukweli haukuwamo. Hapana waya duniani uwezao kurudisha kilichopotea kwenye chemchemi.

La tatu lilitokea karibuni. Mwezi Julai 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, ambayo santuri zake zilipendwa na wakusanyaji kwa kuaminiwa kwamba zimetoka kwenye kanda za asili moja kwa moja, ilikuwa imepitisha nyingi katika hatua ya kidijitali tangu mwaka 2011. Wapo waliokasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa hawakuambiwa kweli. Lakini kwa zaidi ya miaka 10 masikio yaliyojigamba kwamba hutambua udijitali mara moja yalizisikiliza santuri hizo na kuzisifu. Walisikia walichosoma kwenye jalada.

Sasa tuirudie kazi yetu. Tuwatazame wanafunzi wetu wanavyohakiki ushairi. "Mshairi ametumia lugha ya kuvutia." "Fani na maudhui vimeoana vizuri." "Shairi hili lina mvuto wa pekee." Sentensi hizi zina tofauti gani na "joto" na "hewa" za wauza nyaya? Zaweza kubandikwa juu ya shairi lolote, kama zile zinavyobandikwa juu ya waya wowote. Na mwanafunzi huziandika baada ya kuliona jina la mshairi, kama nilivyoandika mimi baada ya kuiona bei. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sisi walimu, tunapozipa alama sentensi za namna hii, ndio tunaomsifu mgema.

I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, aliliona jambo hili zamani. Aliwapa wanafunzi wake mashairi bila majina ya watunzi, akawataka waandike waliyoyaona, na mwaka 1929 akachapisha matokeo katika kitabu chake Practical Criticism. Mashairi ya watunzi wenye sifa kubwa yalibezwa, na mengine dhaifu yakatukuzwa. Lile pia lilikuwa pazia. Nami nimelileta pazia hilo darasani kwangu. Nanakili tungo mbili bila majina, kisha naweka sharti moja: kila sifa ionyeshe kidole. Ukisema vina vinavutia, taja vina vyenyewe na ueleze vimebeba nini. Ukisema mshororo umepwaya, utaje, na ukipe kipimo ambacho mwenzako aweza kukikagua. Baada ya hapo ndipo natoa majina, na ndipo tunaposoma habari za mtunzi, mahali na wakati wake. Kwa kuwa elimu hiyo, kama ile ya alama ya sikio kwenye santuri, ni elimu ya kweli na haifai kutupwa. Jambo kubwa ni utaratibu: sikio litangulie, jina lifuate.

Wengine watasema kwamba furaha haipimwi, na kwamba mwenye fedha zake ana haki ya kununua waya anaoupenda. Ni kweli, wala simkatazi mtu. Waya mzuri wa kutazamwa ni pambo, na pambo lina heshima yake. Lakini pambo lisiitwe sauti, na kupendezwa kusiitwe uhakiki. Mwenye akiba ndogo na mapenzi makubwa ya jazi ashauriwe haya: aioshe santuri, abadilishe sindano iliyochakaa, aziweke spika mahali panapofaa chumbani, kisha fedha iliyobaki anunue santuri nyingine. Mimi nilinunua mbili kwa sehemu ndogo ya fedha ya mkopo ule ambao sikuuchukua. Nazisikiliza kwa waya wa dukani, jioni, baada ya kusahihisha madaftari, na kila ninapokutana na "lugha ya kuvutia" pambizoni huandika kwa wino mwekundu: "Wapi?"