Majina Mgongoni

Ukifika Kendwa, kaskazini ya Unguja, pale ambapo maji hata yakipwa hayaendi mbali, utazikuta picha za rangi zimeanikwa kwenye kamba kama nguo. Watu waliochorwa ni wengi: wanawake wenye mizigo kichwani, wachungaji warefu kama minazi, wote weusi tititi, wengi wao hawana nyuso. Siwalaumu wachoraji. Mgeni ndiye anunuaye, na mgeni hupenda kivuli kisichomtazama. Lakini geuza picha yoyote: nyuma hamna kitu, pengine bei tu.

Huko nyuma ya picha ndiko anakotupeleka Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1954, aliyefiwa na babake mwenye asili ya Komoro angali mchanga wa miezi, mama yake akarudi naye Uingereza. Mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya Turner, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Wengi wetu tuliishangilia tuzo, tukaiacha kazi.

Kazi yake niionayo kubwa kupita zote ni Naming the Money, ya mwaka 2004, ambayo mimi naijua kwa picha tu. Ni watu mia moja wa mbao, kila mmoja kimo cha mtu mzima, waliokatwa na kupakwa rangi: Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Wamo wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa. Kwa mbele wamependeza hata ukadhani umealikwa karamuni. Mgongoni pamebandikwa karatasi ya hesabu, na humo yameandikwa maneno machache: jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana, kazi aliyokuwa akiifanya, kazi anayofanyishwa, na kitu kidogo kilichobaki kuwa chake.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina hilo mara nyingi tunalisoma mwenyewe akishatupita. Himid amechora kazi nyingine kwa umbo la kanga waziwazi, akikopa maneno kwa waandishi kama James Baldwin. Hata hivyo naona kanga imemwingia zaidi katika mbao hizi, ambamo haionekani.

Kasoro ipo. Maneno yote ni ya Kiingereza, tena yamepita kalibu moja, hata mtu wa arobaini anaanza kufanana na wa thelathini. Na kufananisha watu ndiyo kazi ya daftari la bwana. Wengine wanamlaumu kwa kuyabuni majina. Hapo siko pamoja nao. Ya kweli angeyapata wapi?

Wala tusijifariji kwamba hayo ni ya Ulaya. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini miaka mingi kabla ya hapo pwani yetu nayo iliwapa watu majina mapya: Mabruki, Baraka, Faraji, majina ya heri kwa waliokoseshwa heri. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa India, alisafiri bara na Burton, na Speke, na Stanley. Vitabu vyao vimejaa habari zake. Jina aliloitiwa na mamake halimo, na la mwisho tunalomwitia ni la mji wa watu.

Pale Mkunazini, kando ya kanisa, zimesimama tangu mwaka 1998 sanamu tano ndani ya shimo, zimefungwa mnyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Nimezizunguka mara nyingi, na kila mara nimekwenda kutazama mgongoni. Ni patupu. Washairi wetu, ambao hawashindwi kumtungia jina bibi harusi wala jahazi, wanangoja nini?