Kaburi la Liyongo na Utenzi Wake

Huko Ozi, karibu na Kipini, wenyeji huonyesha kaburi la Fumo Liyongo. Wako wasomaji wasemao: kaburi lipo, basi utenzi ni wa kweli. Msomaji, usiifuate njia hiyo. Kule Wales, kisiwani Anglesey, liko kaburi liitwalo la Branwen, dada wa mfalme, ambaye hadithi ya kale yasema alikufa kwa huzuni. Lilipochimbwa mwaka 1966 ilionekana mitungi yenye majivu ya wafu kadhaa, waliozikwa zaidi ya miaka 2,000 kabla hadithi haijaandikwa. Hata hivyo hadithi haikupungukiwa na kitu.

Nguvu ya utenzi wa Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, imo katika mpango wake. Shujaa achomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Aenda kisimani, apiga goti, avuta upinde, afa vivyo hivyo. Mji waona kiu, wala hapana athubutuye kuteka maji. Mamaye aletwa ambembeleze, naye abembeleza maiti. Mshairi hakutuambia tu kwamba Liyongo aliogopwa. Ameipima hofu hiyo kwa kiu ya watu. Nawe uishiye Matasia, ujuaye kisima ni nini wakati wa ukame, utaielewa hofu hiyo bila kufika Ozi.

Kaburi na litunzwe, kwa kuwa ni kumbukumbu ya wazee wetu. Lakini thamani ya utenzi itafute katika beti zake.