Mapenzi na Tamaa kwa Nafsi Mbili: Mbinu za Doreen Baingana

Mwandishi anayegusa tamaa ya mwili na mapenzi hukabiliwa na mitego miwili. Akificha mno, wahusika wake hawana damu. Akifunua mno, msomaji huacha kuona watu, akabaki kutazama vitendo. Fasihi yetu ina mtego wa tatu iliouzoea zaidi: msichana akishaonja raha, kisa kizima hupindwa ili kimwadhibu. Doreen Baingana wa Uganda alipita katikati ya mitego hiyo katika Tropical Fish: Stories Out of Entebbe, kitabu kilichotoka mwaka 2005 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Ufundi wake unastahili kufunguliwa.

Tuanze na muundo. Hadithi ni nane, nazo zinafuata mabinti watatu wa familia moja ya Entebbe: Patti, Rosa na Christine. Ukizisoma kwa mpangilio wake unapata karibu riwaya nzima, ila hakuna sauti moja inayotawala. Patti, mlokole aliye shule ya bweni, anaandika shajara. Rosa anaandika barua. Christine, mdogo wao, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kitabu. Kila umbo limechaguliwa kwa sababu. Shajara haihitaji msikilizaji, hivyo inamfaa binti anayeomba na kuona njaa peke yake. Barua haiwezi kuandikwa bila mtu wa kuandikiwa.

Barua ya Rosa, “A Thank-You Note”, inakwenda kwa David, mpenzi wake wa zamani. Rosa anaugua UKIMWI. Ni Uganda ile iliyouita ugonjwa huo “siliimu”, nchi ambayo mwaka 1989 ilimsikia mwanamuziki Philly Lutaaya akitangaza hadharani kwamba ameambukizwa. Mwandishi mwingine angemweka Rosa kitandani, akamsimulia kutoka nje, na msomaji angetoka na onyo. Baingana anampa Rosa kalamu. Kwa kuwa kila aya inamwelekea David, shukrani, lawama na kumbukumbu ya miili yao vinaweza kukaa pamoja bila kimoja kukifuta kingine. Msimulizi wa nje angelazimika kuchagua: ama David ni muuaji, ama ni kipenzi. Rosa halazimiki. Ugonjwa unamuua, lakini hadithi haimhukumu, kwa sababu neno la mwisho ni lake.

Mara baada ya barua hiyo inakuja hadithi iliyokipa kitabu jina. Mpangilio huu ni mbinu kubwa. Msomaji anamkuta Christine, sasa mwanafunzi wa Makerere, akiingia nyumbani kwa mwanamume asiyemfahamu vizuri, huku barua ya Rosa ingali inamuuma msomaji huyo. Baingana hahitaji kutaja hatari. Ameshaiweka moyoni mwa msomaji kurasa chache zilizotangulia.

Mwanamume huyo ni Peter, Mwingereza anayeishi Tank Hill, Kampala, na kazi yake ni kusafirisha samaki hai wa mapambo kwenda ng’ambo. Christine anasimulia mwenyewe, kwa sauti tulivu. Angalia tu maelezo marefu yanakwenda wapi. Yanakwenda bafuni: maji ya moto yasiyokatika, manukato, ngozi inayolainika, anasa ambazo bweni la chuo halina. Chumbani maelezo yanapungua na mawazo ya msimulizi yanatangatanga. Hakuna sentensi inayotangaza kwamba hampendi Peter. Kipimo cha maelezo kinatosha kutuonyesha mwili wake unafurahia nini hasa, na ni kitu gani kinachomrudisha kule kilimani.

Samaki nao wametumiwa kwa uangalifu. Taswira ya viumbe wa ziwa letu wanaopelekwa mbali kuburudisha macho ya wengine ingeweza kuwa nzito kupita kiasi. Haikuwa hivyo kwa sababu samaki wana kazi ndani ya kisa: ndio biashara inayoilipia nyumba, vinywaji na yale maji ya moto. Mimba inapoingia, kisha ikatolewa, sauti ya Christine haipandi. Utulivu huo unaumiza kuliko kilio, maana tunaona jinsi alivyozoea kujitenga na mwili wake mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake. Ujasiri wa Kezilahabi ulikuwa mkubwa, na shutuma zake kwa baba mkali na kwa jamii bado zina nguvu. Hata hivyo msimulizi wake anamtazama Rosa kutoka nje, na njia ya kisa inaishia Rosa kujiua. Christine wa Baingana anaachwa aishi. Anafika Los Angeles, anapotea, na katika hadithi ya mwisho anarudi Uganda kujiuliza kwao ni wapi. Peter anakuwa sura moja tu ya maisha yake.

Rudi kwa Baingana, uweke barua ya Rosa na hadithi ya Peter ubavu kwa ubavu, ufundi unajitokeza. Rosa anamsemesha David kwa nafsi ya pili tangu salamu hadi mwisho, hata akiwa na hasira. Peter, aliyelala karibu kabisa na Christine, anabaki nafsi ya tatu hadi tamati. Baingana ameweka tofauti ya mapenzi na tamaa katika uchaguzi wa nani anasemeshwa na nani anasemwa. Waandishi wetu wanaoogopa mada hii, wakidhani watalazimika kuhubiri au kuaibisha, wana hapa njia ya tatu, nayo inaanza na swali la kifundi: mhusika wangu anazungumza na nani?