Kutoka Msamvu Kwenda Ago

Alfajiri pale stendi ya Msamvu, Morogoro, mvuvi hujulikana kwa mzigo wake kabla hajafungua mdomo. Nyavu zimeshindiliwa kwenye kiroba, na vielea vilivyokatwa kwenye ndala kuukuu, vya bluu, vyekundu na vya kijani, vinachungulia juu ya kamba. Dumu la lita 20 limefungwa ubavuni. Sufuria lenye masizi limevishwa mfuko lisije likachafua mizigo ya watu kwenye buti la basi. Mwenye mzigo wa namna hiyo mara nyingi anakwenda Ifakara: Mikumi, Kidatu, kisha bondeni Kilombero. Lakini mzigo huohuo ukipakiwa kwenye basi la Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190 kuelekea mashariki, halafu ukapelekwa Mbagala, Nyamisati, na kuvushwa hadi Mafia, safari inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Mtu wa mto anakwenda kuvua kwenye matumbawe, mahali asipopajua, na kulala hukohuko. Anakwenda ago.

Ago, au dago kama wengine wanavyoita, ni kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Wanahama na chombo, wanajenga vibanda vya makuti ufukweni, wanavua, wanakausha ng'onda, wanauza, wanarudi. Mabingwa wa jambo hili katika pwani yetu ni Wakojani, watu wa kisiwa kidogo cha Kojani kilicho mashariki mwa Pemba, ambao wamezoeleka kwenye fukwe za Kenya na za Tanzania Bara vilevile. Watu husifu ujasiri wao, na ni haki yao. Ila sifa kubwa zaidi inastahili kwenda kwenye siku zile kabla tanga halijapandishwa, siku za kuhesabu mwezi, kuulizana, kupima kamba na kugawa maji ya kunywa. Kupanga safari ya ago ni ufundi kamili kama useremala, na mtu aliyelelewa na mto hana budi kuuanza upya.

Kilombero hubadilika taratibu. Mvua hukolea kuanzia Novemba au Desemba, na ikifika Machi na Aprili bonde limekuwa ziwa. Kisha maji hurudi nyuma na kuacha mabwawa yenye perege na kambale. Bonde hilo, ambalo karibu kilomita za mraba 8,000 zake ziliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, limewafundisha Wandamba na majirani zao kusoma maji kwa miezi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mlango uliopitisha chombo alfajiri, kabla ya mchana unakuwa ukuta wa mawe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karatasi na kalamu, na inaweza kufanyika palepale Msamvu, kwenye meza ya mama ntilie. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita tatu hadi nne hivi. Siku hizo katika pwani ya Tanzania maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Juma moja baadaye ni maji mafu. Tofauti imeshuka hadi mita moja au zaidi kidogo, na mkondo umepoa.

Wengi humshauri mgeni aende wakati wa maji mafu, kwa kuwa mikondo imelala. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Maji mafu huficha miamba mchana kutwa: haifunuki vya kutosha ikaonekana, wala haizami vya kutosha ikapitika. Mpango ulio bora ni kuwa ufukweni siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanapokupwa karibu na saa sita, jua likiwa utosini. Siku hiyo hakuna mshipi unaotupwa. Watu wanapanda mahali palipoinuka na daftari, wanachora. Kipwa hiki kimekaa kama mgongo wa ng'ombe. Mlango uko kati yake na lile fungu la mchanga. Ukiuingia, weka mnazi mrefu usawa wa paa la bati. Mnazi ukianza kwenda kushoto mwa paa, umeshaacha njia. Rangi nazo zinaandikwa: bluu iliyoiva ni kina, kijani cheupe ni mchanga, hudhurungi ni mwamba au mwani, na hapo hakuna haja ya kwenda kuhakikisha. Zote hizi husomeka jua likiwa juu au mgongoni. Jua likiwa usoni, bahari nzima inakuwa kioo, na ndiyo sababu safari ya kurudi kambini hupangiwa saa yake kama ile ya kwenda. Siku zinazofuata mkondo unapungua nguvu wenyewe, na ramani iko mfukoni.

Pwani hii imeshawaonyesha wageni wakubwa matokeo ya kupita gizani. Aprili 1498, saa chache kabla ya mapambazuko, São Rafael, moja ya merikebu za Vasco da Gama, ilipanda juu ya mafungu ya Mtangata, karibu na Tanga ya leo. Maji yakapwa, merikebu ikabaki imekaa pakavu, yakarudi, ikaelea. Merikebu ilipokuwa bado pakavu, wenyeji waliwafikia kwa vyombo viwili, kimoja kimebeba machungwa ambayo Wareno waliyaona matamu kuliko ya kwao. Malindi walipewa rubani, na Mei wakawa Calicut. Januari 1499, wakirejea huku wenzao wengi wamekufa njiani, waliichoma moto merikebu ileile katika maji yaleyale kwa kukosa watu wa kuiendesha. Kati ya mwanzo na mwisho huo, kipande cha safari kilichokwenda vizuri ni kile walichoongozwa na mtu anayeijua njia.

Halafu kuna vyombo vya kazi. Kwenye tope la Kilombero, mti uliochomekwa hutosha kushika mtumbwi. Kwenye mwamba nanga hunasa, na kamba ya nailoni ikisuguliwa na matumbawe usiku kucha hukatika. Ndiyo maana nanga ya nondo inapendwa pwani: kucha zake zikinasa, huvutwa kwa nguvu mpaka zinyooke, kisha hukunjwa tena kwa nyundo ufukweni. Mbele ya kamba hufungwa kipande cha mnyororo. Nanga yenyewe itue mchangani, kwa sababu matumbawe yale ya mviringo hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka, na kucha moja hubomoa umri wa mtu mzima. Na urefu wa kamba upimwe kwa maji ya kujaa. Mita tatu za saa sita mchana ni mita sita na ushei jioni, wakati watu wanapika wali na hakuna anayetazama chombo.

Maji ya kunywa ni hesabu isiyo na huruma. Watu wanne, siku tano, lita tano kwa kila mmoja kwa siku: lita 100, yaani madumu matano. Dumu la sita ni la akiba na halifunguliwi. Mtu wa Uluguru, aliyezoea kila korongo lina kijito, huona hesabu hii kama uchoyo. Aende Jibondo, kisiwa cha matumbawe kusini mwa Mafia, kinachosifika kwa mafundi wa kuunda vyombo. Maji matamu ni haba huko, na watu wake wamezoea kuyaleta kwa chombo kutoka visiwa jirani.

Kuuliza ndiko kunakofunga kazi yote. Anayefika ago hupita kwanza kwa serikali ya kijiji na kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ajiandikishe na aulize wapi panavuliwa na wapi hapaguswi. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, yenye maeneo yaliyofungwa kabisa kwa uvuvi. Taarifa ya upepo na mawimbi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lakini taarifa haisemi kwamba ghuba ya Chole hujaa na kumwaga maji yake kwa kasi kwenye mlango wa Kinasi. Hilo husemwa na mzee anayetengeneza dema chini ya mwembe. "Shikamoo mzee, maji yakitoka pale yanavuta upande gani?" Swali la namna hiyo, likiulizwa kwa utulivu, mgeni akiwa ameketi na ana muda, huokoa chombo.

Kuna sehemu moja ambako hata rangi hazisomeki: upande wa bara, kati ya delta ya Rufiji na kisiwa cha Mafia. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na tope lake huja nayo. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, sehemu ya tope hilo hutuama nyuma ya ukuta, lakini karibu na mikoko maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Hapo mtu wa mto anapita mbele. Anachukua upondo, chombo alichokishika tangu utotoni, anauzamisha na kusikiliza kwa viganja. Ukigonga ni mwamba. Ukikwaruza ni mchanga. Huu umezama kimya, ukang'ang'aniwa. Anauchomoa, anatazama ncha iliyorudi nyeusi, anapima kwa mkono mahali maji yalipofika.

"Pima mbili, tope," anaita kwa mwenye usukani, na kuuzamisha tena.