Komeo na Shehena

Katika njia kuu itokayo Athi River kwenda Namanga, baada ya kuziacha nyuma pilikapilika za Kitengela na kabla ya kuwasili Isinya, upo mji mdogo wa Kisaju, ambapo malisho ya Wamasai yanageuka viwanja vya kujengwa siku baada ya siku, na ambapo mimi, mwenye gari kuukuu nililolifanya nyumba ya kulala safarini, nililazimika kusimama kwa aibu. Kila gari lilipokata kona, makabati yalifunguka yenyewe, sufuria na mkebe wa sukari vikaporomoka kwa kishindo, hata mke wangu akasafiri mguu mmoja ameukaza mlangoni kama mlinzi wa hazina.

Nilimkuta seremala katika kibanda cha mabati kando ya lami, kazi yake ya kila siku ikiwa milango na vitanda vya nyumba zinazochipuka huko. Nilikuwa nimenunua sumaku mbili madhubuti, nikampa kwa kiburi cha mgonjwa aliyekwisha kujiandikia dawa. Alizipokea kwa adabu, akaziweka kando ya randa, wala hakuzigusa tena.

“Mzee,” akasema, “sumaku haina makosa. Mzigo wako ndio unaofungua mlango.”

Kisha akaniomba niyajaze makabati kama niyajazavyo siku ya safari, nami niendeshe polepole uwanjani, yeye akiwa amechutama ndani, anasikiliza.

Kwa rai yangu, ustadi wote wa kazi hii umo katika kule kusikiliza. Kabati lililosimama ubavu wa kushoto, mlango wake ukielekea kati, hufunguka gari likikata kushoto, kwa kuwa gari hugeuka ilhali vyombo vyataka kuendelea na njia yao ya kwanza, navyo huusukuma mlango kwa uzito wao wote. Fauka ya hayo, gurudumu moja linapotumbukia shimoni bodi nzima hujipinda, pembe za kabati zikapotoka, na ulimi wa komeo ukachomoka katika pokeo lake pasipo kuvunjika kitu. Na njia ya vumbi iingiayo Amboseli, iliyojikunja kama bati la paa, hulegeza parafujo moja baada ya nyingine, hususan zilizotiwa katika zile mbao za unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo zikisha kumomonyoka hazishiki tena.

Basi hakuanza na komeo. Alianza na matundu yaliyolegea: aliyapanua kwa keekee, akayaziba kwa vijiti vya mvule vilivyopakwa gundi, akangoja vikauke, ndipo akatia parafujo upya katika mti unaokubali kuuma. Rafu akazipa kingo za vidole viwili, ili chombo kizuiwe na rafu kabla hakijaufikia mlango. Vizito akavishusha chini, vyepesi akavipandisha. Makomeo aliyafikia mwisho, nayo yalikuwa ya springi, yenye ulimi mrefu na pokeo pana kidogo, ili bodi ijipinde itakavyo na ulimi ubaki ndani. Na nyuma ya kila mlango akabandika ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu, unaousukuma mlango nje ukakazana na komeo, ukakoma kugongagonga.

Nahodha wa jahazi asingestaajabu hata kidogo. Kabla ya kulifikiria tanga alihakikisha farumi imetulia chini katika ngama, na shehena imekazwa isiteleze chombo kikilala upande. Na baharia alikuwa na kasha lake lenye tumbuu na kufuli. Hata gari la kulala la Volkswagen, ambalo wengi hudhani ni uzushi wa jana, lilianza kwa kasha: mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia, huko Ujerumani, kilitengeneza sanduku la samani la kutiwa na kutolewa katika gari hilo. Nyumba ilikuwa sanduku, na sanduku halina budi kufungika. Twawasifu mafundi wa Lamu kwa milango yao ya nakshi, nao wanastahili. Lakini mlango ule umesimama mahali pamoja tangu ulipotiwa, haukuombwa kushika adabu juu ya matuta.

Kazi ilichukua tangu asubuhi hata alasiri. Sumaku zangu nilirudishiwa, nami nilikwenda Amboseli na kurejea. Kabati moja tu lilifunguka, mara moja, nalo ni la juu, ambalo nilikuwa nimelitia mtungi wa maji kinyume cha agizo. Msomaji, ukipita Kisaju na gari lenye maradhi kama haya, usimpelekee makabati matupu, atakurudisha ukayajaze.